Fedha ya kitabu: namna mwandishi anavyolipwa, kuanzia mkataba hadi mirathi

Kila kijana anayeniletea mswada huishia kwenye swali lilelile: "Mwalimu, hiki kitanilipa shilingi ngapi?" Huwa simtajii kiasi. Namwomba anioneshe mkataba, na kama bado hajapewa, tunachukua karatasi na kalamu tukapiga hesabu pamoja. Fedha ya kitabu huamuliwa mapema sana, miezi mingi kabla hakijaonekana dukani, kwa maneno matatu manne ya mkataba ambayo wengi wetu tunayaruka kwa furaha ya kuchapishwa.

Mimi niliyaruka. Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nimesimama, kwenye meza ya mapokezi, kwa kalamu ya kuazima, nikaondoka bila nakala yangu. Miaka minne ilipita kabla sijajua nilichosaini. Naandika hapa ili mwingine asipitie njia hiyo. Mifano mingi ni ya Tanzania ninakoishi, na Kenya nimeitaja pale mambo yanapotofautiana, kwa kuwa sisi tunaoandika Kiswahili tunachapishwa pande zote mbili.

Hatua ya 1: Jua ni kitu gani unachouza

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, hata kama hujaenda ofisi yoyote. Kwa Tanzania inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Kenya wana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na ofisi yao ni KECOBO. Pande zote mbili ulinzi wa kazi ya fasihi ni uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili si sharti la kuwa na haki, lakini cheti cha usajili ni ushahidi mzuri siku mtu atakapodai kuwa kazi ni yake. Sajili kabla hujaanza kuzungusha mswada kwa watu.

Sasa, haki hiyo ina vipande vingi. Kipo cha kuchapa kitabu cha karatasi, kipo cha kitabu cha kielektroniki, cha kusomwa kwa sauti, cha kutafsiriwa, cha kufanywa filamu au mchezo wa redio. Ifikirie kama mnazi. Anayekuja kununua madafu hajanunua makuti, wala hana ruhusa ya kugema tembo. Mchapishaji wa kitabu cha karatasi anahitaji haki ya kuchapa na kuuza kitabu cha karatasi. Akitaka na vingine, aseme atavifanyia nini na atalipa kiasi gani kwa kila kimoja.

Neno la kuogopa ni "haki zote". Likifuatana na "daima" au "kwa muda wote wa hakimiliki", umeuza mnazi pamoja na shamba. Na kama umeajiriwa kuandika, yaani kuandika ndiyo kazi unayolipwa mshahara, haki za kiuchumi kwa kawaida huenda kwa mwajiri isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Jambo hilo lijadili kabla ya kuripoti kazini.

Hatua ya 2: Chagua utakavyolipwa

Njia za kawaida ni mbili: mkupuo na mrabaha.

Mkupuo ni kulipwa mara moja ukasahau. Kwa makala ya gazeti, sura moja ndani ya kitabu cha watu wengi, au hadithi fupi kwenye diwani, mkupuo hauna ubaya, maana kugawanya mrabaha kwa watu kumi na wawili ni usumbufu na kila mmoja huambulia sarafu. Tatizo linakuja diwani hiyo inapoteuliwa kusomwa shuleni. Kitabu teule husomwa na watahiniwa wa nchi nzima mwaka baada ya mwaka, na wewe ulishalipwa mkupuo wako zamani. Kwa hiyo ukikubali mkupuo, uwekee mpaka: "kwa toleo la kwanza la nakala 3,000", au "kwa miaka mitano". Mpaka ukifika, mnakaa tena. Nimewahi kuomba hivyo mara kadhaa na mhariri akakubali bila ubishi. Wengi hawakatai, ni sisi tu hatuombi.

Kwa kitabu chako mwenyewe, riwaya, tamthilia, diwani ya mashairi, usikubali mkupuo ila kwa shida kubwa sana. Dai mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa.

Kuna pia malipo ya awali. Hayo si zawadi, ni mrabaha wako unaotangulizwa. Ukipewa Sh 500,000 leo, hutapata kitu hadi mrabaha wa nakala zilizouzwa uzidi Sh 500,000. Kwetu ni nadra kupewa kwa riwaya, lakini ukipewa hakikisha mkataba unasema huyarudishi endapo kitabu hakikuuzika. Kuyarudisha iwe tu pale ambapo hukukabidhi mswada.

Na anayekutaka wewe ndiye umlipe yeye ili "akuchapishie"? Huyo anatoa huduma ya uchapaji. Huduma hiyo ni halali na inahitajika, nitaifikia mbele, ila mwite kwa jina lake na umlipe kama mteja. Usimpe haki yoyote ya kitabu.

Hatua ya 3: Uliza, asilimia ya nini?

Hapa naomba utulie, kwa sababu fedha nyingi ya waandishi hupotelea hapa.

Ukisikia "tunalipa asilimia kumi", usifurahi bado. Uliza ni kumi ya nini. Yapo majibu matatu.

La kwanza ni bei ya jalada, ile ambayo msomaji anailipa dukani. La pili ni mapato halisi, yaani kile kinachomfikia mchapishaji baada ya kumpa muuza duka punguzo lake. La tatu ni faida.

Chukua kitabu cha Sh 10,000. Asilimia kumi ya bei ya jalada ni Sh 1,000 kwa nakala. Sasa tuseme mchapishaji anawapa maduka punguzo la asilimia 35. Kinachomfikia ni Sh 6,500, na asilimia kumi ya hapo ni Sh 650. Kwa nakala 3,000, mkataba wa kwanza unakupa Sh 3,000,000, na wa pili Sh 1,950,000. Kitabu ni kilekile, asilimia ni ileile kumi, na tofauti yake ni Sh 1,050,000. Kwa wengi wetu hiyo ni ada ya shule ya mtoto.

Sisemi mapato halisi ni wizi. Wachapishaji wengi makini hutumia hesabu hiyo kwa sababu nao hawajui duka litauza kwa bei gani. Ninachosema ni kwamba asilimia kumi ya mapato halisi si sawa na kumi ya jalada, kwa hiyo kama msingi ni mapato halisi, omba asilimia ipande hadi kumi na mbili au kumi na tano, na omba mkataba utaje ukomo wa punguzo. Vinginevyo akimpa rafiki yake wa jumla punguzo la asilimia 60, nusu ya jasho lako imekwenda naye.

Faida ikatae. Faida ni kinachobaki baada ya gharama, na gharama anaziandika yeye: petroli, chai ya kikao, kodi ya pango. Sijawahi kumwona mwandishi aliyelipwa kwa "mgawanyo wa faida" akaja kunionesha hundi.

Omba pia ngazi. Kwa mfano asilimia 10 kwa nakala 3,000 za kwanza, 12.5 hadi nakala 10,000, na 15 kuanzia hapo. Gharama kubwa za kuandaa kitabu, uhariri, jalada, upangaji wa kurasa, hulipwa mara moja. Kitabu kinapochapwa mara ya tatu mchapishaji amekwisha kupumua, na ni haki upumue naye.

Kwa wanaoandika vya shule kuna jambo la ziada. Tanzania vitabu vya kiada sasa huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na wachapishaji binafsi wamebaki zaidi na vitabu vya ziada. Kenya, tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake. Bei ya zabuni ya serikali iko chini sana ya bei ya duka, lakini idadi ni kubwa ajabu. Mwandishi mwenye mrabaha wa mapato halisi huona fungu lake kwa nakala limesinyaa na wingi ndio unaomwokoa. Kwa hiyo kiwepo kifungu kinachotaja mauzo ya zabuni waziwazi: mrabaha ni kiasi gani, na utalipwa ndani ya siku ngapi baada ya serikali kulipa.

Hatua ya 4: Soma mkataba nyumbani

Usisaini siku unayopewa. Sema tu, "Naomba nikausome, nitaurudisha Jumatatu." Mchapishaji mwungwana atakuelewa. Akikuharakisha, ujue kuna kitu hataki ukione.

Ukifika nyumbani, kaa na kalamu nyekundu. Tafuta haki unazotoa na kwa muda gani. Miaka mitano hadi saba inayoweza kuhuishwa inatosha kwa riwaya. Tafuta tarehe ambayo kitabu lazima kiwe kimetoka, kwa kawaida miezi 18 au 24 tangu ulipokabidhi mswada uliokamilika. Bila tarehe hiyo mswada wako unaweza kulala kabatini miaka sita na huruhusiwi kumpa mwingine.

Tafuta kifungu cha kurejesha haki. Kiseme kwamba kitabu kikiisha sokoni, nawe ukaandika barua, na miezi sita ikapita bila kuchapwa tena, haki zote zinakurudia. Kifungu hiki ndicho kimeniokoa. Riwaya yangu ya pili ilikwisha madukani, nikaandika barua, miezi ikapita kimya, nikachukua haki zangu na kuichapa upya mwenyewe. Inauzwa mpaka leo. Mwenzangu ambaye hakuwa na kifungu hicho bado anawaambia wasomaji wake "kitabu hakipatikani", na hakuna anachoweza kufanya.

Halafu taarifa ya mauzo. Mkataba useme utaipata mara ngapi kwa mwaka na fedha italipwa siku ngapi baada ya hapo. Na useme una haki ya kukagua vitabu vya hesabu, wewe au mhasibu wako, ukitoa notisi. Huenda usiitumie haki hiyo maishani, lakini kule kuwepo kwake tu kunafanya hesabu ziandikwe kwa uangalifu.

Nakala za bure za mwandishi, kumi au ishirini, na punguzo unapotaka kununua vitabu vyako mwenyewe, hayo ni madogo, ila yaandikwe. Kila ukurasa usainiwe, shahidi awepo, na uondoke na nakala yako yenye saini za pande zote.

Hatua ya 5: Ihesabu taarifa ya mauzo mwenyewe

Hebu nikuoneshe moja ya kwangu. Ilikuja kwenye bahasha ya kaki, karatasi moja iliyokunjwa mara tatu. Ilisema hivi: zilizochapwa 3,000. Zilizouzwa 1,120. Zilizotolewa bure 180. Zilizopo ghalani 1,450. Mrabaha kwa nakala Sh 650. Jumla Sh 728,000. Kutoa malipo ya awali Sh 500,000. Baki Sh 228,000. Kutoa kodi asilimia 15, Sh 34,200. Malipo Sh 193,800.

Jicho la mtu huenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho. Wewe anza na wa juu. Zilizouzwa, jumlisha za bure, jumlisha za ghalani, jibu lazima lilingane na zilizochapwa. Jumlisha hizo zangu: 1,120 na 180 na 1,450 ni 2,750. Nakala 250 hazikuwa popote.

Sikupiga simu ya hasira. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mtindo wa ofisi zetu:

"YAH: TAARIFA YA MAUZO, JULAI HADI DESEMBA. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea taarifa yenu, nashukuru. Kwa mujibu wa taarifa hiyo nakala zilizouzwa, zilizotolewa bure na zilizopo ghalani ni 2,750, ilhali zilizochapwa ni 3,000. Kwa kurejea kifungu cha 9 cha mkataba wetu, naomba ufafanuzi wa nakala 250 zilizobaki. Nashukuru kwa ushirikiano."

Niliipeleka kwa mkono nikiwa na nakala mbili. Dada wa masjala aligonga muhuri wa "imepokelewa" na tarehe kwenye nakala yangu, nikaiweka kwenye faili. Wiki tatu baadaye jibu lilikuja: nakala 250 zilipelekwa mkoani kwa mali kauli, yaani muuzaji analipa zikishauzwa, na karani aliyezipeleka aliacha kazi kabla ya kuziingiza kwenye daftari. Sikuona ubaya wa makusudi, ulikuwa uzembe wa kawaida. Lakini nisingejumlisha, zingepotea. Kipindi kilichofuata zililipwa, Sh 162,500 kabla ya kodi.

Angalia pia nakala zilizorejeshwa na maduka. Zikitolewa kwenye mauzo, lazima zionekane zimeongezeka ghalani. Na kitabu kikichapwa mara ya pili, idadi mpya ionekane kwenye mstari wa kwanza. Ukikuta kitabu chako mjini kina maandishi "chapa ya pili" wakati taarifa yako bado inasema 3,000, kinunue, tunza na risiti, halafu ndipo uandike barua.

Hatua ya 6: Kodi

Hapa ni kwa ufupi. Tanzania mrabaha hukatwa kodi ya zuio asilimia 15. Kenya, kwa mwandishi mkazi, ni asilimia 5. Mchapishaji ndiye anayeikata na kuipeleka TRA au KRA, na anapaswa kukupa cheti cha kodi hiyo ya zuio. Kidai. Bila cheti huna cha kuonesha kwamba kodi yako ilifika kwenye mamlaka, na unapojaza ritani ya mwaka unaweza kutakiwa kulipa mara ya pili. Uwe na TIN, au PIN ukiwa Kenya, kabla ya malipo ya kwanza. Viwango hubadilika katika bajeti, kwa hiyo hakiki kila Julai.

Hatua ya 7: Ukiamua kujichapishia

Watu wengi sasa wanaenda njia hii, nami nusu ya vitabu vyangu nimevitoa hivyo. Hapa hulipwi mrabaha. Unalipwa kama mfanyabiashara, yaani mapato ukitoa gharama, na kama hupendi kuhesabu utaumia.

Mfano wa kuelewea hesabu: unachapa nakala 500 kwa Sh 4,000 kila moja, hiyo ni Sh 2,000,000. Mhariri Sh 500,000. Jalada Sh 150,000 na upangaji wa kurasa Sh 150,000. Jumla Sh 2,800,000, yaani kila nakala imekugharimu Sh 5,600. Ukiuza mkononi kwa Sh 10,000, nakala 280 zinarudisha mtaji, na baada ya hapo kila inayouzwa ni fedha yako. Ukiuza kupitia maduka yanayochukua asilimia 35, unahitaji kuuza 431 kati ya zile 500 kabla hujaona faida ya senti moja. Ndiyo maana nasisitiza: uza mkononi kwanza, kwenye mahafali, semina, misikitini na makanisani wakikuruhusu, shuleni ulikosoma. Duka liwe la pili.

Usipunguze kwenye mhariri. Najua ndipo kila mtu anapotaka kubana. Msomaji aliyekutana na makosa kumi kwenye kurasa ishirini za mwanzo hanunui kitabu chako cha pili, na mwandishi anaishi kwa kitabu cha pili na cha tatu.

Omba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, mapema. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Maduka makubwa hayapokei kitabu kisicho nayo.

Unapoacha vitabu dukani kwa mali kauli, tumia kitabu cha risiti chenye kaboni. Andika tarehe, jina la kitabu, idadi, bei, punguzo, na siku utakayorudi. Muuzaji asaini, karatasi ya juu abaki nayo. Mimi hurudi kila baada ya siku 30, na naanza kwa kuhesabu zilizopo rafuni kabla hata ya kuulizia fedha. Ziko nakala nilizoacha kwa maneno matupu miaka hiyo ya kwanza ambazo sikuziona tena wala fedha yake, na sina wa kumdai kwa sababu sina karatasi.

Kisha kuna soko la simu, ambalo limewalisha vijana wengi kuliko wachapishaji walivyowahi kuwalisha. Unaweka sehemu za mwanzo za hadithi bure Facebook, anayetaka kuendelea anaingia kundi la kulipia WhatsApp, au anatumiwa hadithi nzima kwa faili. Fedha inaingia siku hiyohiyo. Tumia lipa namba badala ya namba yako binafsi ili miamala ya hadithi isichanganyike na ya nyumbani, uweze kujua mwezi umeingiza kiasi gani. Adui wa soko hili ni msambazaji: mmoja ananunua, mia wanasoma. Dawa kamili hakuna, ila ipo ya kupunguza. Kila faili unalotuma, andika chini ya kila ukurasa jina la mnunuzi. Inachukua dakika mbili, na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kurusha kundini faili lenye jina lake.

Kwa wanaouza Amazon, kuna viwango viwili vya kitabu cha kielektroniki: asilimia 35 na asilimia 70. Kile cha 70 kinadai bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na kinahusu wanunuzi wa baadhi ya nchi tu. Walioko kwingine utalipwa 35 ileile. Tena, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, mauzo ya huko hukatwa asilimia 30. Kitabu cha dola 4 kinachokupa dola 2.80 kinabaki dola 1.96. Bado ni fedha nzuri kwa msomaji wa ughaibuni ambaye usingemfikia kwa basi, lakini piga hesabu hiyo kabla ya kupanga bei.

Hatua ya 8: Fedha zinazokuja kwa mlango mwingine

Tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 ikiwa na zawadi za jumla ya dola 15,000, na hupokea miswada ambayo bado haijachapishwa pia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza wa kila nyanja alipata Sh 10,000,000. Peleka kazi, lakini usipange kodi ya nyumba kwa fedha ya tuzo. Na soma masharti: je, ukishinda unatoa haki ya kuchapisha, na kama ndiyo, mrabaha wake ni kiasi gani? Swali la Hatua ya 3 halikuachi hata jukwaani.

Kenya ipo pia KOPIKEN, inayokusanya ada kwa wanaorudufu kurasa za vitabu na kuwagawia waandishi na wachapishaji. Usipojiandikisha, fungu lako halina pa kwenda.

Na redio, filamu, tafsiri. Mtu akikuandikia kutaka hadithi yako, usijibu kwa "nashukuru sana, karibu". Jibu kwa kuuliza anataka haki gani, kwa lugha gani, miaka mingapi, na malipo lini.

Hatua ya 9: Waambie nyumbani

Miaka 50 baada ya kifo ni mirefu. Wajukuu wako wanaweza kulipwa kwa riwaya unayoihangaikia usiku huu. Lakini mchapishaji hawezi kumlipa mtu kwa sababu tu amesema yeye ni mtoto wa marehemu.

Mjane wa rafiki yangu alihangaika karibu miaka miwili. Mchapishaji alikuwa na fedha na alitaka kulipa, ila hakukuwa na msimamizi wa mirathi, na mkataba haukuonekana. Mwishowe aliukuta ndani ya begi la safari la mumewe, chini ya mashati, umekunjwa kwenye ratiba ya mazishi ya mtu mwingine. Kikao cha familia kikaandika muhtasari wa kumpendekeza, akaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, tangazo likabandikwa, akateuliwa, ndipo malipo yakaingia.

Kwa hiyo weka faili moja. Ndani yake iwepo mikataba yote, taarifa zote za mauzo, vyeti vya kodi, cheti cha COSOTA au KECOBO, barua zenye mihuri, na karatasi moja ya juu yenye orodha: kitabu, mchapishaji, tarehe ya mkataba kuisha, asilimia, namba ya ofisi. Kwenye wosia taja vitabu kwa majina, kama unavyotaja kiwanja. La kwangu ni jekundu, liko kabati la chumbani, rafu ya juu kulia, na binti yangu mkubwa nimekwisha kumpitisha ukurasa kwa ukurasa.